Taa Zinazosinzia: Maswali Matatu Kuhusu Ombwe

Mwezi huu zimenifikia barua tatu kutoka miji iliyo mbalimbali sana, na zote zinahusu kitu kimoja: taa za mbele zinazolala ndani ya pua ya gari mchana na kuinuka usiku kwa nguvu ya ombwe, ile ambayo mafundi wengi wanaiita vakyumu. Magari yenye taa za namna hii yamebaki machache, na mafundi waliozizoea ni wachache zaidi. Kwa hiyo nimeona niwajibu wasomaji hawa watatu kwa pamoja, ingawa jibu la kwanza litakuwa refu kwa sababu ndilo litakalobeba maelezo ambayo wale wawili wengine watayahitaji.

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni Mkenya niliyeishi Houston kwa miaka tisa, na huko ndiko nilikonunua Chevrolet Corvette ya mwaka 1974. Kule taa zilikuwa zikiinuka bila taabu. Mwaka jana nilihamia Denver kikazi, na tangu hapo taa ya kushoto inainuka kwa uzito, inafika nusu na kusimama, kisha inamalizia safari yake ninapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Ya kulia inachelewa kidogo tu. Fundi mmoja amenishauri ning'oe mfumo wote na kuweka mota za umeme. Je, ni kweli kwamba mwinuko wa mji huu ndio wa kulaumiwa? (Msomaji, Denver, Colorado)

JIBU: Ndugu msomaji, mwinuko una sehemu yake katika lawama, lakini si mkosaji mkuu. Gari la aina yako liliuzwa jipya Denver kama lilivyouzwa Houston, na wanunuzi wa Denver hawakuwa wakiendesha usiku taa zikiwa zimesinzia. Kilichotokea ni kwamba gari lako lilikuwa tayari na tundu mahali fulani, nawe ulipokuwa pwani kulikuwa na nguvu ya ziada iliyolificha tundu hilo. Ulipopanda mlima, ziada ile ilikwisha.

Tuanze na namna mfumo unavyofanya kazi. Injini ya petroli inapounguruma bila kukanyagwa mafuta, mlango wa kabureta unakuwa karibu umefungwa, na pistoni zinavuta hewa ambayo haipatikani ya kutosha. Ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye pistoni, hewa inakuwa haba, na uhaba huo ndio tunaouita ombwe. Mpira mmoja unatoka kwenye manifoldi, unapita kwenye vali ya njia moja, na kuingia katika tangi dogo linalohifadhi ombwe hilo. Kutoka kwenye tangi, mipira minene inakwenda kwenye relei, yaani vali inayoamua ombwe liende upande upi, na kutoka kwenye relei inakwenda kwenye kopo la chuma lililo nyuma ya kila taa. Ndani ya kopo mna kiwambo cha mpira kinachoshika fimbo ya chuma. Ombwe likiletwa upande mmoja wa kiwambo, hewa ya kawaida iliyo upande wa pili inakisukuma, fimbo inasogea na taa inainuka. Likihamishiwa upande wa pili, taa inalala. Kwa hiyo, tukisema kweli, ombwe halivuti chochote. Kazi yote inafanywa na hewa ya nje, ambayo inasukuma kwa sababu upande wa pili hakuna wa kushindana nayo.

Hapo ndipo mwinuko unapoingia. Kwenye usawa wa bahari, injini nzima ya aina yako inayounguruma taratibu huonyesha kwenye geji ombwe la inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila unapopanda takriban mita 300, unapoteza karibu inchi moja, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe inakuwa nyepesi. Denver iko kwenye mita zipatazo 1,600, na hivyo injini iliyokuwa ikionyesha inchi 18 Houston itaonyesha 13 hapo ulipo bila kuwa na ubovu wowote. Kwa hesabu ya nguvu, kila sentimita moja ya mraba ya kiwambo iliyokuwa ikisukumwa kwa uzito wa gramu kama 620 sasa inasukumwa kwa gramu kama 450. Zaidi ya robo ya nguvu imekwenda. (Ukija kulileta gari Nairobi siku moja, usitarajie nafuu, maana Nairobi iko juu hata kidogo kuliko Denver. Mombasa ni habari nyingine.)

Taa zako zilibuniwa zikiwa na akiba ya kutosha kustahimili upungufu huo. Hazikubuniwa kustahimili upungufu huo pamoja na kiwambo kilichochoka. Na maelezo yako yenyewe yanathibitisha jambo hili: taa inamalizia safari unapoondoa mguu kwenye pedali, yaani pale mlango wa kabureta unapojifunga na ombwe la manifoldi kupanda. Mfumo usio na ubovu unapaswa kutojali kabisa mguu wako uko wapi, kwa sababu tangi na vali ya njia moja vimewekwa kwa shabaha hiyo hasa. Ukikanyaga mafuta hadi chini, ombwe la manifoldi hushuka karibu na sifuri, vali hujifunga, na taa hutumia akiba iliyo kwenye tangi. Kama taa zako zinafuata mguu, basi ama akiba haipo au inavuja haraka kuliko inavyojazwa.

Kabla hujanunua kipuri chochote, zima injini, vuta ile swichi ndogo ya ziada iliyo chini ya usukani, ambayo kazi yake ni kuinua taa bila kuziwasha, kisha inua kila taa kwa mkono wako. Linganisha uzito wake. Taa ya kushoto ikiwa nzito mkononi kuliko ya kulia, tatizo lako la kwanza ni bawaba zilizokauka au zilizojaa vumbi na chumvi ya barabarani ya msimu wa baridi, na grisi ya bei ndogo itakurudishia nusu ya nguvu unayoilia. Nimewahi kuona mtu amebadilisha kila mpira katika gari lake huku pini moja ya bawaba ikiwa imeshika kutu kimya kimya. Angalizo moja: usiweke vidole karibu na taa hizo injini ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa ikitokea ombwe likapata njia, taa hujifunga ghafla wala haiulizi.

Bawaba zikiwa laini, tafuta geji ya ombwe na pampu ya mkono ya kuvuta hewa. Vyote viwili vinauzwa katika maduka ya vipuri kwa bei ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na mota za umeme alizokushauri fundi wako. Pima kwanza ombwe la manifoldi yenyewe, mipira yote ya taa ikiwa imechomolewa na tundu lake limezibwa. Ukipata inchi 13 au 14 na sindano imetulia, injini yako ni nzima kwa mji huo. Ukipata 9 au 10, acha taa na ushughulikie injini: huenda majira ya moto wa plagi yamechelewa, au gasketi ya manifoldi inapitisha hewa, au mwenye gari aliyekutangulia aliweka kemshafti ya mashindano (shafti inayofungua vali za injini), ambayo hupunguza ombwe kwa tabia yake na haina dawa.

Injini ikipita mtihani, gawa mfumo vipande viwili. Unganisha geji kwenye mpira unaotoka kwenye tangi, ziba mingine yote inayokwenda mbele, washa injini hadi geji ifike mwisho, kisha izime. Sindano ikibaki pale ilipo kwa dakika kadhaa, tangi na vali ya njia moja ni salama, na tundu liko mbele yake. Ikishuka mara moja, tundu liko kati ya injini na tangi, na mshukiwa wa kwanza ni vali, ambayo unaweza kuijaribu kwa mdomo: hewa ipite upande mmoja na igome upande wa pili. Kwa kuzibia mipira, wamiliki wengi wa Marekani wanatumia vile vijiti vya kuwekea mpira wa gofu, navyo vinafaa kweli, maana vimechongoka na vinaingia katika mpira wa unene wowote.

Sasa twende kwenye kopo la kushoto, ambako nadhani ndiko utakakomaliza kazi. Kopo lina matundu mawili, moja likiingia katika chumba cha mbele, kile ambacho fimbo inapitia kutoka nje, na jingine katika chumba cha nyuma, ambacho kimefungwa pande zote. Chomoa mipira yote miwili na uvute hewa kwa pampu ya mkono kupitia tundu la nyuma. Sindano ikishuka, kiwambo kimetoboka na kopo libadilishwe. Ikitulia, hamishia pampu kwenye tundu la mbele. Ikishuka hapo baada ya kutulia kule nyuma, kiwambo kiko salama, na kinachovuja ni ile sili ndogo inayozunguka fimbo. Sili hiyo ndiyo inayokufa kwanza katika magari haya, kwa sababu fimbo inapita na kurudi ndani yake ikiwa imebeba vumbi, na inauzwa peke yake kwa bei ndogo. Watu wengi wananunua kopo zima kwa sababu hawakufanya jaribio la dakika tano.

Kuhusu mota za umeme, ni kweli zinapatikana na ni kweli zinafanya kazi. Corvette yenyewe ya miaka ya 1963 hadi 1967 ilitumia mota, na toleo lililofuata baada ya lako likarudi kwenye mota. Siwezi kumkataza mtu. Lakini tundu linalovuja halitaondoka kwa kuwekwa mota, isipokuwa ukumbuke kuziba mipira yote ya zamani, na gari la 1974 lenye mipira yake lina thamani mbele ya wanunuzi wanaojua. Mimi ningetengeneza.

SWALI: Assalaam alaykum, maalim wa magari. Baba yangu ni mzaliwa wa Unguja na mimi nimekulia hapa Muscat. Nina Corvette ya 1979 ambayo kila nikiwasha injini, taa zote mbili zinaibuka zenyewe, hali swichi sijaigusa, na hazirudi chini mpaka nizisukume kwa mkono baada ya kuzima. Nimeagiza makopo mawili mapya kutoka Marekani na kuyafunga, na hali ni ile ile. Nifanye nini? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Pole kwa gharama ya makopo hayo, kwa sababu taa zako zilikuwa zinakuambia wazi kwamba makopo ni mazima. Taa ambayo inaibuka kwa nguvu mara injini inapowaka inapata ombwe vizuri. Inachokosa ni amri ya kukaa chini.

Katika mfumo huu kuna mipira ya aina mbili. Ile minene inabeba nguvu, nami nimeieleza katika jibu lililotangulia. Ile myembamba inabeba ishara tu: inatoka kwenye tangi, inaingia ndani ya gari hadi nyuma ya swichi ya taa kwenye dashibodi, inapita kwenye swichi ya ziada iliyo chini ya usukani, na kurudi mbele kwenye relei. Wengi hudhani kwamba ukivuta swichi ya taa unapeleka ombwe kwenye relei ili taa ziinuke. Mambo ni kinyume chake. Swichi ikiwa imezimwa, ombwe linafika kwenye relei na kuishikilia, na relei iliyoshikiliwa huziamuru taa zilale. Ukivuta swichi, ombwe hilo dogo linakatwa, relei inaachiliwa na springi yake, na taa zinainuka. Kwa hiyo mpira mwembamba ukipasuka popote katika safari yake ndefu, relei inaelewa kwamba umevuta swichi. Haina namna ya kujua kwamba hukuivuta.

Joto la Muscat ni adui mkubwa wa mipira hii. Gari la 1979 lililowahi kusimama juani miaka mingi, na boneti yake ikawa tanuri kila alasiri, linaweza kuwa na mipira ambayo kwa macho ni mizima, lakini ukiikunja inalia na kuonyesha nyufa. Angalia hasa ncha zake, pale inapoingia kwenye viungo, na pale inapopenya ukuta unaotenganisha injini na abiria kwenda ndani ya gari.

Jaribio la kukuhakikishia ni rahisi. Chomoa mpira mwembamba unaoingia kwenye relei, na mahali pake chomeka mpira mpya unaotoka moja kwa moja kwenye chanzo cha ombwe cha injini. Washa injini ukiwa mbali na taa. Zikilala, relei na makopo vimepona hukumu, na tundu liko kwenye mipira myembamba au kwenye mojawapo ya swichi mbili. Rudi nyuma hatua kwa hatua: iruke swichi ya ziada kwa kuunganisha mipira yake miwili kwa kipande cha bomba, kisha iruke ile ya dashibodi. Utakapoiruka ile iliyo mbovu, taa zitatii. Zikikataa kulala hata kwa ombwe la moja kwa moja, relei ndiyo iliyochoka.

Nina swali moja la kukuuliza, nawe huna haja ya kuniandikia jibu. Je, hewa ya kiyoyozi imeanza kutokea kwenye kioo cha mbele badala ya usoni? Milango ya hewa katika gari lako inasogezwa na ombwe hilo hilo, na likipotea hewa hukimbilia kiooni. Ukiwa na dalili zote mbili kwa pamoja, usianze na swichi ya taa. Anza kwenye manifoldi, pale mipira yote inapogawanyika. Na unapobadilisha, badilisha mipira yote kwa siku moja, mmoja mmoja, ukifunga mpya kabla hujachomoa wa pili. Ukiichomoa yote kwa pamoja ili ufanye kazi safi, utajuta saa ya kuirudisha.

SWALI: Mpendwa mhariri, nina Lotus Elan ya mwaka 1965 hapa Uingereza. Taa zinainuka vizuri nikiwa nimesimama, lakini nikipanda mlima usiku kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho, zinaanza kushuka polepole mpaka ninaangaza bampa yangu mwenyewe. Nimeambiwa kwamba magari haya yote yana tabia hiyo na nizoee. Ni kweli? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, ingawa naelewa utani huo ulikotoka. Katika Elan za mwanzo, ombwe ndilo linaloinua taa na kuzishikilia juu, na springi ndizo zinazozirudisha chini. Ombwe likiisha, taa zinalala. Baadaye Lotus waligeuza mpango huo katika matoleo ya mwisho, ombwe likawa linashikilia taa chini na springi zikawa zinainua, ili mfumo ukifa usiku dereva abaki na mwanga. Gari lako la 1965 halina bahati hiyo. Hata hivyo, mlima mmoja haupaswi kumaliza akiba yake.

Swali ni akiba hiyo inakaa wapi, na jibu lake huwashangaza hata mafundi wazoefu. Ukilitafuta tangi la ombwe chini ya boneti hutaliona, kwa sababu Lotus walitumia chuma cha mkingamo wa mbele wa fremu yenyewe. Kimefungwa pande zote, na ombwe linahifadhiwa ndani ya uwazi wake. Ni ubunifu wa kupendeza wa watu waliochukia kila gramu ya uzito, lakini una adhabu yake: fremu ikishika kutu, taa zinasinzia. Nguzo mbili za fremu zinazosimamia springi za mbele zina matundu ya kutoa maji, na matundu hayo yakiziba kwa tope maji hutuama chini, karibu kabisa na mkingamo. Kutu inaanza ndani, mahali ambapo rangi ya nje haiwezi kukuambia kitu.

Anza na vali ya njia moja, kwa sababu ni rahisi na huenda ikawa ndiyo pekee iliyochoka. Ikiwa nzima, chomoa mipira yote inayoingia kwenye mkingamo, ziba matundu yote isipokuwa moja, na uvute hewa kwa pampu ya mkono kupitia hilo lililobaki. Chuma kizima kinashika ombwe muda mrefu. Chuma kilichotobolewa na kutu kitakuonyesha sindano ikishuka mbele ya macho yako, na ukisikiliza kwa makini katika gereji tulivu utausikia mluzi mwembamba mahali penye tundu.

Ukiusikia mluzi huo, usimruhusu mtu apake gundi au kuweka tangi la plastiki pembeni ili taa zipone. Tangi la pembeni litaponya taa, na kwa kufanya hivyo litanyamazisha onyo pekee ulilo nalo kwamba chuma kinachobeba magurudumu ya mbele kimeanza kuliwa. Tangu 2018, gari lililotimiza miaka 40 Uingereza kwa kawaida halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, na hivyo inawezekana kabisa hakuna mkaguzi aliyelala chini ya gari lako kwa miaka kadhaa. Mpe kazi hiyo fundi anayeijua fremu ya Elan, ayazibue matundu ya nguzo na kugonga chuma kuzunguka mkingamo wote. Akisema fremu ibadilishwe, fremu mpya zilizopakwa zinki zinapatikana, na kwa kuwa bodi ya faibaglasi inafunguliwa kutoka kwenye fremu, kazi hiyo imeshafanywa kwenye Elan nyingi. Mpaka hapo utakapopata jibu lake, gari hilo liendeshwe mchana, na polepole.